Benchi la Mama Mkwe

Asubuhi nzima mchongaji alihangaika na benchi. Alilisogeza kushoto, akakaa, akainamisha kichwa, akasikiliza, akainuka. Akalirudisha kulia kidogo, akakaa tena. Mlinzi wa ukumbi wa maonyesho alimtazama mpaka akachoka, akadhani ni wazimu wa wasanii, akaenda zake kunywa chai. Benchi lenyewe lilikuwa la mbao za kawaida, fupi, la kumtosha mtu mmoja na mkoba wake. Lakini mapenzi yake yote na miaka yake yote ya kungoja alikuwa ameyaweka juu ya benchi hilo, na mtu aliyemkusudia kulikalia hakuwa mpenzi wake. Alikuwa mama wa mpenzi wake.

Tumseme mchongaji vizuri kwanza, maana baadaye tutamsema vibaya. Alikuwa mwanamke aliyegonga arobaini, mrefu, mwenye mikono iliyokaushwa na plasta na macho yasiyotulia sehemu moja. Hakuchonga sanamu za watu wala za wanyama. Alichonga nafasi. Mahali ambapo mimi na wewe tunaona kiti, yeye aliona uwazi ulio chini ya kiti. Akaujaza plasta, akakiondoa kiti, akakuachia ule uwazi umesimama peke yake kama kitu chenye uzito. Watu walitoka mbali kuja kuona. Wengine walielewa, wengine walijifanya wameelewa.

Mpenzi wake alikuwa daktari wa meno. Walijuana mchongaji akiwa amelazwa kwenye kiti cha matibabu, kinywa wazi, jino la mbele limechimbwa. Kabla daktari hajaliziba, mgonjwa alimshika mkono akamwomba amchukulie kwanza umbo la lile tundu, aende nalo nyumbani. Daktari alicheka mpaka akavua barakoa. Akamwambia, yeye anaziba matundu na kumbe kuna watu wanayapenda. Tangu siku hiyo wakawa na ishara yao. Mmoja akigusa jino la mbele kwa kidole, hata katikati ya watu mia, mwenzake anajua maana yake: leo nakuja kwako.

Daktari alikuwa mcheshi, mtanashati, mwenye mikono laini na sauti ya kubembeleza. Kasoro yake ilikuwa moja. Alikuwa amezoea kuongea na watu waliopanua vinywa wasioweza kumjibu, na kila jambo zito alilieleza kama anavyoieleza sindano, kwamba haitauma, kisha itauma kidogo tu, kisha imekwisha. Mchongaji aliijua kasoro hiyo na akaipenda pamoja na mwenyewe. Ndivyo tunavyojiponza.

Mama yake daktari hakumtaka mchongaji hata kidogo, na wala hakujisumbua kuficha. Mwanamke kamzidi mwanawe umri, aliwahi kuolewa akaachika, mtoto hana. Siku ya kwanza alipokaribishwa mezani kwake, mama alimuuliza kwa upole kabisa anafanya kazi gani. Mchongaji akaeleza, kwa mikono na kwa vikombe vilivyokuwa mezani, habari ya nafasi, na jinsi kitu kinavyoumbwa na pale ambapo hakipo. Mama alimsikiliza, akatafuna, akameza.

"Kwa hiyo unauza hewa," alisema.

Kuanzia hapo akawa anamwita Fundi Hewa, mbele ya watu, kwa tabasamu, huku akimpakulia chakula. Daktari alicheka kila mara. Alisema mama anatania tu, mama ndivyo alivyo, wewe mpe muda. Muda akapewa. Juzi juzi, baada ya machozi na milango kubamizwa, daktari aliapa kwamba siku ya ufunguzi wa maonyesho atamleta mama, na siku hiyo hiyo atamwambia nani atakuwa mke wake.

Na hii ndiyo kazi iliyokuwa ikifunguliwa siku hiyo. Katikati ya ukumbi kilisimama chumba cheupe cha plaiwudi iliyopindwa na kupakwa plasta, kisicho na pembe hata moja, kama chungu kilichofunikwa. Uliingia kwa ujia mwembamba ulioulazimisha mwili kwenda ubavu, ukatokea kwenye nafasi ya watu wawili tu, tena wawili wanaopendana. Vipimo vyake havikutoka kwenye karatasi. Siku moja alimkumbatia daktari katikati ya karakana, akazungusha kamba kuwazunguka wote wawili, akaifunga fundo, kisha wakatoka ndani yake. Mzunguko uliobaki sakafuni ndio uliokuwa chumba.

Siri ya chumba aliigundua kwa bahati. Seremala alikuwa ndani akimalizia dari ya mviringo, yeye akiwa nje ameketi anakula, ghafla akamsikia seremala anahema sikioni mwake. Aligeuka, hakuna mtu. Ile dari ilikuwa ikiichukua sauti, hata iliyo ndogo, ikaipandisha na kuipitisha katika uwazi wa ukubwa wa sahani ulioachwa juu kwa ajili ya mwanga, kisha ikaiteremsha upande wa pili, mahali pamoja tu. Ukisogea hatua moja husikii kitu. Ukikaa pale pale, unasikia hadi mate yakimezwa. Hakumwambia yeyote. Seremala alipolipwa na kuondoka, aliweka benchi mahali pale pale.

Mpango wake ulikuwa huu, na kusema kweli haukuwa mpango mbaya. Mama ana magoti mabovu, kwa hiyo atakaa benchini, kwa kuwa ukumbi mzima hauna pengine pa kukaa. Yeye ataingia ndani na daktari, atamuuliza kwa nini anamtaka, na daktari atajibu akidhani wako peke yao. Mama atayasikia mapenzi ya mwanawe kwa sauti ya mwanawe, yasiyotiwa chumvi na mtu. Mama gani asiyelainika kwa hilo?

Walifika alasiri, watu wakiwa wamepungua. Mama alitangulia na fimbo yake, kajipamba, kanyooka kama mtu anayekwenda kutoa hukumu. Daktari alikuwa nyuma yake, na pembeni, akiwa amebeba mkoba wa mama, alikuwapo msichana mzuri mwenye miwani ambaye mchongaji hakuwahi kumwona.

"Fundi Hewa, hujambo?" mama alisema. "Huyu ni mtoto wa rafiki yangu. Ni mfamasia. Anauza vitu vinavyoonekana."

Mfamasia alicheka kwa aibu na kunyoosha mkono, akampongeza kwa sauti ya kweli kabisa, akasema ameisoma habari yake gazetini na ameiba muda kazini ili aje. Hakuwa na kosa lolote, maskini. Mchongaji aliupokea ule mkono, na kidoleni mwake akaihisi pete kabla hajaiona. Aliitazama. Akamtazama daktari. Daktari alikuwa anaisoma kwa makini mno karatasi ya maelezo iliyobandikwa ukutani, ambayo haikuwa na zaidi ya mistari miwili.

Alijikaza. Alimshika mama mkono kwa adabu zote, akamsindikiza hadi benchini, akamkalisha, akamwekea fimbo mahali pa kufikia. Mama akashusha pumzi na kumwambia mfamasia amtafutie maji ya kunywa. Msichana akaenda.

"Twende ndani tuongee," daktari alimnong'oneza mchongaji. "Huku nje siwezi."

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Kulikuwa na ua nyuma ya ukumbi, kulikuwa na barabara, kulikuwa na gari la daktari lenyewe. Angeweza kumwambia, si humo, kuna anayesikia. Sentensi moja ingetosha. Alimtazama mama aliyekaa sawasawa pale alipopangiwa, mikono juu ya fimbo, na yale Fundi Hewa yote yakamrudia. Aligeuka, akaingia kwenye ujia, na daktari akamfuata.

Ndani walisimama kifua kwa kifua, kama siku ile ya kamba. Mwanga ulishuka toka juu, mweupe, ukamwonyesha kila unywele wa nyusi za daktari. Alinukia dawa ya kusukutulia na sabuni ileile. Alimpenda. Tuseme wazi, hata dakika hiyo alimpenda.

"Nisikilize kwanza, halafu ukasirike," daktari alisema. "Haitauma nikikueleza vizuri."

"Nimeiona pete."

"Mama ndiye aliyepanga yote. Jumamosi walikwenda kwao yule binti, wakanibeba kama kiroba. Mimi sikusema ndiyo."

"Ulisema nini?"

"Nilikaa kimya."

Mchongaji akauliza, kwa sauti ya chini, maana alijua sauti ya chini ndiyo ilipanda vizuri zaidi, "Unampenda?"

"Nani, yule? Sijui hata chai anakunywa na sukari au bila. Yule ni mke wa mama. Mama kamchagua, mama atakaa naye, watabishana wao kwa wao jikoni. Mimi nitakuja kwako kama siku zote."

Lilikuwa jibu la kumtukana mwanamke yeyote, na hata hivyo alionja utamu wake. Utamu wenyewe ulitoka nje ya chumba, kwenye benchi. Sikia, mama mkwe. Msikie mwanao. Angeishia hapo angekuwa ameshinda, tena ameshinda vizuri, lakini mtu aliyedharauliwa mezani kwa miaka hashibi mara moja.

"Na mama yako hataona kwamba unamchezea?"

"Mama anataka harusi, hataki ndoa. Avae nguo mpya, apigwe picha, awaringishie rafiki zake. Mpe hicho, atatulia. Ukibishana na mama unapoteza nguvu bure, dawa yake ni kumwitikia tu na kufanya yako."

"Mpaka lini?"

Daktari alimkung'uta vumbi la plasta begani.

"Nakuuliza mpaka lini. Mimi sina miaka ya kumwaga. Mama yako ana nguvu kunishinda."

"Hana."

"Hana nini?"

"Hana nguvu." Alisogeza mdomo karibu na sikio lake, sauti ikawa pumzi. "Majibu yake ya hospitali niliyachukua mimi. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Si vidonda. Wenzangu wanasema mwaka mmoja, na hapo wameongeza kwa kunionea huruma."

Mchongaji aliinua mkono akamfunika mdomo. Alikuwa amechelewa. Lile neno lilikwishapanda, na alijua njia yake yote kwa kuwa ni yeye aliyeichonga: linazunguka darini, linapita kwenye uwazi, linashuka taratibu upande wa pili. Alitamani plasta yote ipasuke. Daktari, naye, aliudhani mkono ule ni wa mapenzi. Akavibusu vidole vyake kimoja kimoja, na akaendelea kusemea katikati yake.

"Ndiyo maana nakuomba uvumilie. Mwaka si mrefu. Tukishamzika, yule binti nitamalizana naye taratibu, halafu ni mimi na wewe. Umeona? Haikuuma."

Alipopita kwenye ujia kurudi nje, plasta ilimkwaruza bega na hakuhisi.

Mama alikuwa amekaa vilevile. Mgongo umenyooka, mikono juu ya fimbo, uso haukubadilika hata ukope. Mfamasia alikuwa ndiyo kwanza anarudi na maji. Mama akayapokea, akanywa yote bila kupumzika, akamrudishia glasi na kumshukuru, akamwita mwanangu.

"Mmekawia," alimwambia daktari. "Kuna nini cha kuona humo muda wote huo?"

"Hamna kitu, mama. Nafasi tu."

"Basi na mimi nikaione."

Daktari alianza kusema kwamba njia ni nyembamba, na magoti je. Mama alikuwa ameshainuka. Alisema magoti leo hayamsumbui, na kwamba atakwenda peke yake, hataki kushikwa. Alipompita mchongaji alisimama, akamshika bega, akamkandamiza kwa upole hadi akakaa benchini.

"Wewe pumzika, umesimama tangu asubuhi. Kaa hapa hapa nilipokaa mimi. Usisogee."

Fimbo ilisikika ikigonga kwenye ujia, ikanyamaza. Daktari na mfamasia walisimama kando, wakiongea habari za kuegesha gari. Benchi lilikuwa bado na joto la mama. Kisha sauti ikamshukia mchongaji sikioni, ndogo, ya karibu, kama ya mtu aliyelala naye mto mmoja.

"Fundi Hewa. Najua unanisikia."

Mchongaji hakuthubutu kupepesa macho.

"Hii kazi ni nzuri. Leo ndiyo nimeielewa, na naomba radhi kwa kukucheka. Nimesikia yote. La mke wa mama nimesikia, la picha nimesikia, na la mwaka mmoja. Nilidhani siku nitakayoambiwa nakufa, atakuwapo mtu wa kunishika mkono. Nimeambiwa na ukuta."

Alisikika akivuta pumzi kwa shida, pumzi ya mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Mwanangu ni mwoga na ni mwongo, mimi ndiye niliyemlea hivyo. Lakini alinificha ili nipate usingizi. Usiku ule wa majibu alikaa kitandani kwangu mpaka kukapambazuka, akasema ana kazi za kusoma. Kumbe alikuwa ananilinda. Wewe ulijua nimekaa pale, na ulimchimba, swali moja baada ya jingine, ili nisikie. Ungekuwa unampenda ungemziba mdomo mapema."

Daktari alicheka na mfamasia kwa kitu fulani. Mchongaji alimtazama kwa mbali, mdomo wake ule, na kwa mara ya kwanza hakuona kitu cha kuchonga.

"Sasa sikiliza. Harusi itafanyika mwezi ujao, nitasema nina haraka ya kuona wajukuu. Nitavaa nguo mpya na nitapigwa picha. Yeye asijue kamwe kwamba najua, maana akijua atavunjika, na mimi sina muda wa kumuunga. Atakuja kwako, simzuii, siwezi. Kila atakapokuja, akikwambia mama hajui lolote, mama anaendelea vizuri, utamwitikia na utanyamaza. Hata nikishazikwa. Umejenga mahali pa siri, basi na siri yenyewe ikae nawe."

Fimbo iligonga sakafu, mara moja, kama mtu anayejiandaa kutembea.

"Nami nakuombea maisha marefu, mwanangu. Marefu sana."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mwanangu.

Alipotokea kwenye ujia, alikuwa na vumbi jeupe kwenye mkono wa nguo, na mfamasia alikimbilia kumpangusa. Macho yake yalikuwa makavu. Daktari alimuuliza ameonaje.

"Pazuri. Pana baridi kidogo."

"Ulikuwa unafanya nini humo muda wote huo, mama?"

"Nilikuwa nasali," mama alisema. "Pale panafaa kwa sala. Ila ukiwa humo ndani, mtu wa nje hasikii kitu chochote. Si ndiyo, Fundi?"

Wote watatu walimgeukia mchongaji. Daktari alikuwa anatabasamu, amefurahi kwamba mama na mpenzi wake hatimaye wanaongea bila kejeli. Mchongaji alifungua mdomo. Neno moja lilikuwapo, limekaa mbele kabisa ya ulimi, na lingebomoa kila kitu, pamoja na yeye.

"Hasikii kitu, mama," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Waliagana. Mfamasia alimpa mkono tena, na pete ikamgusa tena. Walipokaribia mlango, daktari akiwa nyuma ya wenzake, aligeuka haraka kama mwanafunzi anayemwibia mwalimu, akanyanyua kidole, akagusa jino lake la mbele.

Angeweza kugeuza uso. Angeweza kuinuka akaenda zake uani, na habari ikaishia hapo. Mkono wake ulipanda wenyewe, mzito kwa plasta, na kidole kikagusa jino. Alipouinua uso, mama alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

Mama alimwingiza mwanawe mkono kwapani, akamwegemea, akamwambia watembee polepole, kwa sababu yeye leo hana haraka.